Bia nyepesi ya nyumbani: nyepesi mdomoni, nzito katika damu



Ikiwa unaishi Donholm, Umoja, Buruburu au mtaa mwingine wowote wa Eastlands, huenda una jirani, shemeji au mwenzako wa kazini ambaye amejifunza kujitengenezea bia nyumbani. Sizungumzii chang'aa wala busaa. Nazungumzia bia ya shayiri yenye rangi ya dhahabu na povu jeupe, iliyopikwa jikoni katika sufuria kubwa, ikachachuka ndani ya ndoo yenye kifuniko, kisha ikatiwa katika chupa ambazo hapo awali zilikuwa za bia ya dukani. Anayeitengeneza aghalabu ni mtu wa heshima zake: mwalimu, karani wa benki, fundi wa stima. Amezoea laga baridi ya baa, bei imemchosha, na sasa anatafuta kinywaji chepesi kisichomkwaruza koo wala kumshangaza kwa ladha ngeni.

Mimi ni daktari wa kawaida wa mtaani, si mhubiri wala askari. Katika chumba changu cha kutibia hapa Donholm, maswali mawili kuhusu bia hii hurudi tena na tena. La kwanza huulizwa kwa hofu: "Daktari, hii ya nyumbani haiwezi kunipofusha?" La pili huulizwa kwa matumaini: "Kwa kuwa haina kemikali, na tena ni nyepesi, si ni afadhali kwa afya yangu?" Kwa bia ya shayiri iliyochachuka tu bila kuongezwa kitu, jibu langu kwa swali la kwanza ni hapana. Kwa swali la pili, kwa jinsi wengi wanavyoitengeneza, jibu ni hapana vilevile. Wengi wetu tunaogopa hatari ambayo haimo chupani na kuipokea kwa mikono miwili ile ambayo imo. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu wiki hii.

Upofu hutoka wapi

Hofu ya upofu ina sababu zake, na hakuna Mkenya anayepaswa kuichekelea. Mnamo Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walifariki jijini Nairobi baada ya kunywa pombe yenye sumu, wengi wao wakiwa wakazi wa Mukuru, mahali ambapo si mbali na hapa Donholm. Wengine walinusurika lakini wakapoteza macho yao. Mei 2014 wengine zaidi ya 80 waliaga dunia katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kiambu. Februari 2024 ilikuwa zamu ya Kirinyaga, ambako watu wasiopungua 17 walikufa.

Katika visa vya namna hii, mwuaji tunayemjua sana ni methanoli. Hii ni alkoholi ya viwandani inayotumiwa katika rangi, gundi na vimumunyishaji. Kwa macho na kwa pua haitofautiani sana na alkoholi ya kawaida, na kwa mfanyabiashara mwovu ni njia ya mkato ya kuipa pombe nguvu. Ikishaingia mwilini, ini huibadilisha kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo ndiyo hushambulia neva ya jicho na kuichafua damu. Ubaya wake ni kwamba haiji haraka. Mtu anaweza kulala salama, kisha baada ya saa 12 hadi 24 akaanza kuumwa na kichwa na tumbo, kutapika, kuhema kwa nguvu na kuona ukungu mweupe mbele yake. Ukiona dalili hizo kwa mtu aliyekunywa, usimpe maziwa wala kumwambia alale iishe. Mkimbize hospitali kubwa, iwe Mama Lucy Kibaki au Kenyatta, kwani kuna dawa ya kuzuia ini kuitengeneza asidi hiyo na kuna mashine ya kusafisha damu. Kila saa inayopotea ni sehemu ya macho inayopotea.

Sasa tazama bia ya jirani yako. Methanoli ya asili hutokana hasa na pektini, ile gundi iliyo katika matunda. Nafaka kama shayiri zina pektini kidogo mno, na kwa hivyo kiasi kinachopatikana katika bia iliyochachuka tu hakitoshi kumdhuru mtu. Bia haikenekwi kama chang'aa, na kwa hiyo hakuna mahali ambapo sumu hujikusanya. Itakupofusha tu iwapo mtu ataitia kitu kingine. Kanuni yangu ya kwanza basi ni nyepesi: usiongeze spiriti ya aina yoyote katika bia, na usinywe bia ya nyumbani ya mtu ambaye huwezi kuingia jikoni kwake na kuona anavyoitengeneza.

Kwa nini ni eli na si laga

Wengi wetu tulizaliwa tukaikuta laga. Kiwanda cha Kenya Breweries kilianzishwa Ruaraka mwaka 1922, na kwa miongo mingi sasa laga ya rangi ya dhahabu ndiyo ambayo Mkenya wa mjini huita "bia" bila kuongeza neno. Lakini laga ya kweli ni ngumu kutengenezwa nyumbani. Hamira yake hupenda baridi ya nyuzi 8 hadi 13 hivi za selisiasi, kisha bia hukaa kwa wiki kadhaa katika baridi kali zaidi. Nani ana friji ya kutosha, na stima ikipotea je?

Ndiyo sababu watengenezaji wa nyumbani hukimbilia eli. Hamira ya eli hufanya kazi vizuri katika nyuzi 18 hadi 22, na chumba chenye kivuli jijini Nairobi kwa miezi mingi ya mwaka hakiko mbali na hapo. Ili imridhishe mnywaji wa laga, eli hii hufanywa iwe nyepesi: kimea cheupe cha shayiri, maua machache ya hopsi ili uchungu usizidi, na hamira isiyoacha harufu ya matunda. Ikitunzwa mahali pa baridi kwa siku kadhaa hutulia na kung'aa, na mgeni asiyeambiwa huenda asitambue kuwa si laga. Mpaka hapo sina ugomvi na mtu. Hata wazee wetu walichachua vinywaji nyumbani: busaa ya mtama, wimbi na mahindi huko magharibi, muratina ya asali huko Mlima Kenya, mnazi kule pwani. Ugomvi wangu unaanza pale sukari inapoingia.

Ujanja wa sukari

Hapa nakuomba unisikilize kwa makini, msomaji, kwa maana hiki ndicho kiini cha maneno yangu yote.

Neno "nyepesi" lina maana mbili, nazo hazisafiri pamoja. Kuna wepesi wa mdomoni, yaani kinywaji kisicho kizito kama uji, kinachoteremka kwa urahisi. Na kuna wepesi wa nguvu, yaani kinywaji chenye alkoholi kidogo. Mnywaji hudhani ya kwanza ni ishara ya pili. Katika bia ya nyumbani mara nyingi ni kinyume chake.

Ukitaka bia isiwe nzito mdomoni, njia rahisi ni kupunguza kimea na kuweka sukari ya kawaida ya chai. Hamira huila sukari hiyo yote bila kubakisha kitu. Haiachi utamu, haiachi uzito. Kinachobaki ni alkoholi. Kwa hivyo kadiri unavyoongeza sukari, ndivyo bia inavyokuwa nyepesi mdomoni na nzito katika damu. Aliyeitengeneza huionja na kusema, "Hii ni kama maji," kisha humimina nyingine.

Tufanye hesabu. Kilo moja ya sukari ikiongezwa katika lita 20 huongeza nguvu ya bia kwa takriban asilimia 2.5. Tuseme ulianza na mapishi ya kukupa bia ya asilimia 4.2, ambayo ndiyo nguvu ya Tusker ya kawaida. Ukiongeza kilo hiyo moja, unapata karibu asilimia 6.7. Chupa ya mililita 500 ya asilimia 4.2 ina gramu 16 au 17 za alkoholi. Chupa hiyo hiyo ikiwa ya asilimia 6.7 ina gramu 26. Mtu aliyezoea chupa tatu akinywa tatu za nyumbani atakuwa amebeba gramu 79, ambazo ni karibu sawa na chupa tano za baa. Yeye mwenyewe ataapa mbele ya mkewe kwamba amekunywa tatu tu, na atakuwa anasema kweli.

Mzigo huo hauishi kwa kulala. Ini la mtu mzima huondoa wastani wa gramu 7 hadi 10 za alkoholi kwa saa moja, na hakuna kahawa, supu wala maji baridi ya kulihimiza. Gramu 79 zinahitaji saa 8 hadi 11. Aliyemaliza chupa yake saa sita za usiku, akaamka saa kumi na mbili na nusu na kuingia barabara ya Jogoo kuelekea mjini, bado ana pombe katika damu ingawa macho yamefunguka na shati limepigwa pasi. Polisi wenye kifaa cha kupima pumzi wakimsimamisha, atashangaa. Mtoto anayevuka barabara ya Outer Ring mbele ya gari lake hatapata nafasi ya kushangaa.

Pima usikisie

Dawa ya ujanja huu ni kifaa cha kioo kinachoitwa haidromita. Ni ndugu wa kile kipimo kinachotumiwa na vyama vya wafugaji kugundua maziwa yaliyotiwa maji. Hutiwa katika maji matamu ya kimea yaliyokwisha kupoa, kabla ya hamira kuwekwa, nacho huelea na kuonyesha namba. Baada ya bia kuacha kuchacha hutiwa tena. Ondoa namba ya pili kutoka ya kwanza, kisha zidisha kwa 131. Mathalani, ukianza na 1.042 na kumaliza na 1.010, tofauti ni 0.032. Zidisha kwa 131 upate asilimia 4.2. Ukianza na 1.032 na kumaliza na 1.008, tofauti ni 0.024, na bia yako ni ya asilimia 3.1.

Bia hii ya mwisho ndiyo ninayoiita nyepesi. Chupa tatu zake zina gramu 37 hivi, chini ya nusu ya zile tatu za sukari. Hapa, kusema kweli, mtengenezaji wa nyumbani ana nafasi ambayo mteja wa baa hana. Katika baa hunywi ila kilichopo. Nyumbani wewe ndiwe unayeamua nguvu ya kinywaji. Kwa masikitiko yangu, wengi wakipewa uhuru huo huutumia kupandisha, kwa fikira kwamba bia dhaifu ni hasara. Kama unachotafuta ni ulevi wa bei nafuu, basi usiite uraibu huo kazi ya kujifurahisha wakati wa mapumziko.

Nyumbani hakuna saa ya kufunga

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi waliiita sheria ya Mututho, iliziwekea baa saa za kufungua na kufunga. Watu walinung'unika, lakini mwisho wa saa ni ulinzi kwa mtu asiyejua kujizuia. Bei nayo ni ulinzi. Hata umbali wa kutembea hadi baa na kurudi ni ulinzi wa aina yake.

Ndoo ya lita 20 huondoa ulinzi huo wote kwa siku moja. Inatoa chupa 40. Zipo chini ya kitanda au nyuma ya mlango wa jikoni, hazidai pesa, hazina saa, na baa imehamia sebuleni ambamo watoto wanafanyia kazi zao za shule. Mtoto wa miaka saba hajui tofauti ya chupa hii na ya soda. Anajua tu kwamba baba anaipenda. Mwili wake mdogo huweza kupungukiwa sukari ya damu hadi akazimia kwa kiasi ambacho mtu mzima hata hakihisi. Zifungie chupa hizo kwa kufuli, kama unavyofungia dawa.

Ushauri wangu kwa anayeng'ang'ania ni kutengeneza lita 5 tu kwa wakati mmoja. Hizo ni chupa kumi. Zinatosha kujifunza, zinatosha kumwonjesha shemeji, na zikiisha zimeisha.

Jiko, maji na chupa

Zipo pia hatari za jikoni, ambazo hazihusiani na ulevi kabisa. Kuchemsha lita nyingi kwa saa nzima katika nyumba ya chumba kimoja si jambo dogo. Ukitumia jiko la makaa, liwe nje, kwa kuwa hewa ya sumu itokayo makaa haina harufu na huua waliolala. Sufuria ya maji matamu yanayochemka huunguza kuliko maji matupu kwani hushika kwenye ngozi. Watoto wasiwe humo ndani. Aliyeungua apozwe kwa maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, si kwa siagi wala dawa ya meno.

Maji nayo yanahitaji mawazo. Eastlands tunajua mgao wa maji, na wengi hununua ya visima kwa jerikani. Baadhi ya visima vya Nairobi vina madini mengi ya floridi, ambayo huharibu meno ya watoto na, kwa miaka mingi, hata mifupa. Kuchemsha hakuyaondoi. Kwa vile maji hupungua yanapochemka, madini hubaki mengi zaidi katika kile kilichosalia. Tumia maji ya bomba ya kaunti yaliyochemshwa.

Nafaka iliyoota ukungu usiitie kamwe, hata kama ni ya kuongeza kidogo tu. Mwaka 2004 sumu ya aflatoksini katika mahindi iliua watu 125 katika maeneo ya Ukambani. Sumu hiyo haifi kwa kuchemshwa, na sehemu yake huweza kupita hadi kwenye kinywaji. Ndoo nayo iwe ya plastiki ya chakula, si ile iliyokuwa ya rangi au dawa ya wadudu. Wala usiongeze chochote cha kuremba povu au rangi. Huko Quebec, nchini Kanada, katikati ya miaka ya 1960, kiwanda kilitia chumvi ya kobalti katika bia ili povu likae. Wanywaji wakubwa walipatwa na maradhi ya moyo na wengine wakafa. Ikiwa kiwanda chenye wataalamu kiliweza kukosea hivyo, jiko lako halina kinga.

Mwisho ni chupa. Bia hutiwa sukari kidogo wakati wa kufungwa ili ipate gesi. Kiasi kinachofaa ni gramu 3 hivi kwa chupa ya mililita 500, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Ukizidisha, au ukifunga kabla bia haijaacha kuchacha, chupa hulipuka na vipande vya kioo huruka chumba kizima. Wanaoogopa kupofushwa na bia ya nyumbani wanaogopa methanoli, lakini jicho linaweza kutolewa na kioo vilevile. Subiri hadi haidromita ionyeshe namba ile ile kwa siku tatu mfululizo, tumia chupa nene za bia pekee, na uzihifadhi ndani ya kreti iliyofunikwa.

Nani asiiguse

Kuna watu ambao sitawapa nafasi ya kujadiliana nami. Mama mjamzito asinywe kabisa, iwe asilimia 3 au 7. Anayetumia dawa za kifua kikuu asinywe, kwani dawa hizo pekee ni mzigo tosha kwa ini. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari anaweza kuzimia usingizini, na walio karibu wakadhani amelewa tu. Mwenye shinikizo la damu anapandisha kile ambacho anameza vidonge kukishusha. Mwenye ugonjwa wa jongo, ambaye kidole gumba cha mguu humwamsha usiku baada ya nyama choma, ajue kwamba bia huchochea maumivu hayo, na machicha ya hamira yaliyo chini ya chupa ya nyumbani yana vitu vingi vya kuyazidisha.

Kuhusu ile hoja ya "haina kemikali", alkoholi yenyewe ndiyo kemikali inayotuhusu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka miongoni mwa visababishi vya saratani mwaka 1988, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Saratani ya umio, ambayo huwasumbua Wakenya wengi, ni mojawapo. Umio haujui kama pombe ilitoka kiwandani au jikoni.

Jiulize pia maswali manne ambayo madaktari wamekuwa wakiyatumia kwa miaka mingi. Umewahi kuona kwamba yafaa upunguze kunywa? Umewahi kuudhika watu wanapolalamikia unywaji wako? Umewahi kujilaumu kwa sababu ya pombe? Umewahi kunywa asubuhi ili kutuliza mikono? Ukijibu ndiyo mara mbili au zaidi, usitengeneze bia nyumbani. Njoo tuzungumze, au piga 1192, nambari ya bure ya NACADA. Na kama unakunywa sana kila siku, usikate ghafla peke yako, kwa sababu mwili uliozoea huweza kupatwa na kifafa. Daktari atakusaidia kushuka polepole.

Sheria isikupite

Mimi si wakili, ila sheria ile ile ya 2010 inadai leseni kwa anayetengeneza kileo, na kuuza bila leseni ni kosa. Kabla hujanunua hata kilo ya shayiri, waulize wanaosimamia leseni za vileo katika serikali ya kaunti. Usidanganyike kwamba chupa mbili kwa jirani kwa "pesa ya sukari" si biashara. Siku ile utakapomuuzia mtu, nguvu ya kinywaji inakuwa siri yako na madhara yanakuwa yake.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaotaka polisi wavunje kila mlango wenye ndoo. Tumeona matokeo ya bei na ya misako. Mwaka 2013 ushuru wa bia ya bei nafuu ya Senator ulipopandishwa, wanywaji wengi waliiacha, lakini hawakuacha kunywa. Anayenyimwa kinywaji kinachojulikana nguvu yake hutafuta kisichojulikana. Ningependa kuona wenye mamlaka wakiwafundisha watu kupima, na wakiwaandama kwa nguvu zote wale wauzao methanoli kwa jina la pombe.

Ninalokuomba, msomaji, ni dogo. Daktari akikuuliza unakunywa kiasi gani, huwa unajibu kwa chupa, naye hupiga hesabu akidhani ni chupa ya asilimia nne na kidogo. Juu ya jibu hilo huamua kipimo cha dawa, hutafsiri vipimo vya ini lako, na huamua kama unaweza kutiwa usingizi kwa upasuaji. Kwa bia ya nyumbani isiyopimwa, jibu lako halina maana kwake, na makosa yatakayofuata yatakuwa katika mwili wako. Kwa hiyo pima kila ndoo, andika asilimia na tarehe kwenye kifuniko cha kila chupa, na ukija kwa daktari mtajie namba zote mbili: chupa ngapi kwa wiki, na za asilimia ngapi. Kama huwezi kuitaja namba ya pili, mwage kilicho ndani ya ndoo.